Mbio Jumamosi, Mwamba Jumapili

Ndugu msomaji, leo nataka tusafiri pamoja mpaka mbali sana. Tutakwenda Marekani, upande wa magharibi wa nchi hiyo, katika jimbo linaloitwa Utah. Huko kuna mji mdogo unaoitwa Moab. Nilifika huko mwezi wa Machi. Nilikwenda kumtembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi katika jimbo hilo.

Mwisho wa juma moja tulifanya mambo mawili. Jumamosi tulikimbia mbio ndefu. Jumapili tulipanda mwamba jangwani.

Huenda ukauliza, "Mambo hayo yananihusu nini mimi mkulima?" Swali lako ni zuri. Nivumilie kidogo. Huko jangwani tulijifunza jambo linalomhusu kila mtu anayefanya kazi ya hatari, awe anachimba kisima, awe anapanda mnazi, awe anaezeka nyumba. Twende.

NCHI YA MIAMBA MYEKUNDU

Ukisikia neno jangwa, labda unafikiria mchanga mtupu usio na mwisho. Lakini si kila jangwa liko hivyo. Jangwa ni nchi inayopata mvua kidogo sana. Mvua ya Moab kwa mwaka mzima haifiki milimita 250. Sisi husema Dodoma ni pakavu. Lakini Dodoma hupata mvua zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Mji wenyewe una wakazi zaidi ya 5,000 tu. Uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Dodoma. Kando yake unapita mto mkubwa uitwao Colorado. Mto huo unatoka katika milima yenye theluji na kuelekea Meksiko. Una urefu wa zaidi ya kilomita 2,300. Siku hizi watu wanautumia sana kwa kumwagilia mashamba na kwa maji ya mijini, hata mara nyingi haufiki tena baharini.

Simama nami kando ya mto huo uangalie. Kulia kwako kuna genge refu la mwamba. Kushoto kwako kuna genge lingine. Yote ni mekundu kama tofali la kuchoma. Jua linapotua, wekundu huo huzidi, utadhani kuna moto ndani ya mawe.

Miamba hiyo ilitokeaje? Zamani sana, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa vilima vya mchanga. Upepo uliusukuma mchanga huo huku na huko. Baadaye mchanga ukafunikwa na tabaka nyingine za udongo na mchanga. Maji yenye chumvichumvi za ardhini yakapita katikati ya chembe zake. Chumvichumvi hizo zikazigandisha chembe pamoja, kama saruji inavyogandisha kokoto. Ndipo mchanga ukawa mwamba. Halafu mito, mvua, barafu na upepo vikaukata mwamba huo polepole, vikafanya makorongo, minara na matao.

Karibu na Moab kuna hifadhi ya taifa iitwayo Arches. Maana ya jina hilo ni Matao. Ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1971. Ndani yake kuna matao ya mawe zaidi ya 2,000, na hakuna hata moja lililojengwa na binadamu.

MPANGO WETU

Mpwa wangu ni kijana mwenye nguvu. Anapenda kukimbia na anapenda kupanda miamba. Aliniambia, "Mjomba, tutafanya yote mawili. Ijumaa tutapanda kidogo ili ujifunze. Jumamosi tutakimbia. Jumapili nitapanda mnara mkubwa, na wewe utaniangalia kutoka chini."

Mnara alioutaja unaitwa Castleton. Ni nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake juu ya kilima. Nguzo yenyewe ina urefu wa mita 120 hivi. Watu wa kwanza kufika kileleni kwa kupanda walikuwa Layton Kor na Huntley Ingalls, mwaka 1961. Tangu siku hizo wapandaji wengi hutamani kusimama pale juu. Mpwa wangu alikuwa ameutamani kwa miaka miwili.

Tulifika Moab Alhamisi jioni. Usiku ule mvua ikanyesha. Haikuwa mvua kubwa. Kwetu tungesema ni manyunyu tu. Asubuhi jua lilitoka na mbingu ikawa safi. Kijana akafurahi, akaanza kupanga kamba zake.

Tulifikia kwa mama mmoja mwenyeji, rafiki wa mpwa wangu. Mama huyo amepanda miamba kwa zaidi ya miaka 30. Nywele zake ni nyeupe, lakini mikono yake ni migumu kama ya seremala. Alimwona kijana akipanga kamba, akatikisa kichwa.

"Leo hapana," alisema. Mpwa wangu alinitafsiria.

"Lakini Mama, mwamba umeshakauka!" kijana alijibu. "Angalia, jua linawaka."

Mama hakubishana naye. Alituchukua kwa gari mpaka chini ya genge moja. Kweli, ukiugusa mwamba kwa kiganja ulikuwa mkavu. Mama akapiga magoti. Akachimba mchanga kwa vidole vyake, palepale chini ya mwamba. Juu mchanga ulikuwa mkavu. Lakini vidole vilipozama kidogo tu, mchanga ulikuwa umelowa na wenye baridi.

"Mchanga ukiwa hivi," alisema, "na mwamba uko hivi hivi ndani yake."

KWA NINI MWAMBA ULIOLOWA NI HATARI

Ndugu msomaji, wewe unajua tofali bichi. Likikauka juani, unaweza kulibeba na kulijengea. Lakini liache kwenye mvua. Nje litaanza kulainika, na ukilishika kwa nguvu linavunjika mkononi. Mwamba wa mchanga nao una tabia ya namna hiyo. Una vijitundu vingi vidogo, na maji hupenya humo. Kile kinachogandisha chembe za mchanga hulegea. Mwamba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ingawa kwa macho unaonekana mzima.

Si miamba yote iliyo hivyo. Mawe makubwa ya Mwanza ni ya aina nyingine. Hayo hayanywi maji kwa urahisi. Yakilowa huteleza, lakini hayalegei. Kwa hiyo anayejua jiwe la Mwanza asidhani amejua mawe yote.

Kwa sababu hiyo wapandaji wa Moab wana desturi. Mvua ikinyesha, husubiri siku moja, mara nyingi siku mbili au tatu, mpaka mwamba ukauke ndani. Mtu asiyesubiri anaweza kushika jiwe likang'oka naye. Hata asipoanguka, anauharibu mwamba ambao wengine wangeupanda miaka mingi.

Mama alitupeleka pia kwenye ile hifadhi ya matao. Alituonyesha tao moja refu na jembamba sana, liitwalo Landscape Arch. Mwaka 1991 bamba la mwamba lenye urefu wa mita 18 hivi lilimeguka kutoka kwenye tao hilo. Watu waliokuwa karibu walisikia mlio wa kupasuka, wakakimbia, wakapona. Tangu hapo njia iliyopita chini yake ilifungwa. Mwaka 2008 tao jingine, liitwalo Wall Arch, lilianguka lote usiku. Asubuhi watu walikuta rundo la mawe.

"Mwamba nao unachoka," mama alisema.

Njiani alituonya tusikanyage udongo fulani mweusi wenye vinundu vinundu. Udongo huo uko hai. Viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, huushikamanisha ili upepo na maji visiuchukue. Mguu mmoja wa mtu huweza kuuvunja, na kupona kwake huchukua miaka mingi. Tukapita juu ya mawe tu, mmoja nyuma ya mwingine.

SOMO LA FUNDO

Ijumaa ile hatukupanda. Mchana mama alinifundisha nyumbani kwake. Alinivalisha mshipi mpana unaokaza kiuno na mapaja. Halafu akanifundisha kufunga kamba kwenye mshipi huo.

Fundo lenyewe hufungwa kwa hatua mbili. Kwanza unafunga kamba iwe na umbo la namba 8. Pili unapitisha ncha ya kamba kwenye mshipi, kisha unairudisha. Ncha hiyo inafuata njia ileile ya fundo la kwanza, mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, unaona kamba mbili zikienda sambamba kila mahali. Usipoirudisha ncha, fundo si fundo. Limeegeshwa tu. Ukiegemeza uzito wako, kamba inachomoka.

Nilifunga nikafungua labda mara 20. Mama akaniambia, "Sasa jifunze la muhimu zaidi. Kabla mtu hajapanda, mwenzake hulikagua fundo lake. Na yule anayepanda hukikagua kifaa cha mwenzake anayeshika kamba. Kila mara. Hata kama mmepanda pamoja miaka 20."

Nikamuuliza, "Je, kama mwenzangu ni fundi na mimi ni mwanafunzi?"

Akajibu, "Fundo halijui nani fundi."

JUMAMOSI: MBIO

Mbio za Moab ni za nusu marathoni. Urefu wake ni kilomita 21 na kidogo. Zilianza miaka ya 1970, na kwa kawaida hukimbiwa mwezi wa Machi. Kwetu pia mbio kama hizo zipo. Kila mwaka watu hukimbia Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Asubuhi na mapema mabasi yalitupeleka juu ya mto, ndani ya korongo. Kazi yetu ilikuwa kurudi mjini kwa miguu. Kulikuwa na baridi kali. Jangwa halina mawingu ya kutosha ya kuifunika ardhi usiku, kwa hiyo joto jingi hupotea. Jua lilikuwa bado halijafika chini ya magenge. Watu walirukaruka wapate joto. Nilivaa sweta kuukuu juu ya fulana, nikalivua tulipoanza kukimbia.

Barabara inapita kati ya mto na genge. Upande mmoja unasikia maji. Upande mwingine unasikia nyayo za watu zikirudi kwako kutoka ukutani kama mwangwi. Njiani walikuwapo wapiga ngoma, wenye ngoma kubwa za mtindo wa Kijapani. Mlio wake ulijaa korongo lote. Nilipousikia, miguu yangu ilisahau maumivu kwa muda.

Mpwa wangu aliondoka kwa kasi. Mimi nilikwenda mwendo wangu. Kilomita 10 za kwanza zilikuwa tamu. Kwenye kilomita ya 15 upepo ulitukabili. Kwenye kilomita ya 18 mapaja yalikuwa mazito kama magunia. Akili iliniambia, "Tembea." Nikaiambia, "Mpaka kwenye ule mti." Nikafika kwenye mti. Nikaiambia tena, "Mpaka kwenye kona." Hivyo hivyo, mti kwa mti, nikafika mjini. Nilimaliza kwa saa mbili na dakika 40. Watu wengi walikuwa wamemaliza kabla yangu, mpwa wangu akiwamo. Lakini nilimaliza.

Hilo ndilo somo la mbio. Mwili husema umechoka kabla haujachoka kabisa. Mtu aliyefanya mazoezi anaweza kubembelezana nao, ukaendelea. Akikosea, mara nyingi anachelewa tu, au anatembea.

Jioni tulikula wali na maharage, tukanywa maji mengi. Kijana alikuwa na furaha kubwa. Alikuwa amekimbia kwa kasi kuliko mwaka uliopita. Usiku alikaa mpaka saa sita akizungumza na rafiki zake. Bado aliutaja mnara wa Castleton. "Kesho, Mjomba!"

JUMAPILI: MWAMBANI

Asubuhi nilipoamka sikuweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Ukifanya kazi ngumu ambayo mwili haujaizoea, misuli haiumi sana siku ileile. Huuma zaidi siku ya pili, pengine hata ya tatu. Mpwa wangu naye alichechemea, lakini alificha.

Mama alimtazama akitembea. Akasema, "Mnara hautahama. Leo tutakwenda kwenye ukuta mfupi."

Kijana alinuna. Alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka miwili. Aliniambia kwa Kiswahili, mama asielewe, "Mjomba, miguu hii ni maumivu tu. Jana niliyashinda. Leo pia nitayashinda."

Sikumjibu. Ukweli ni kwamba sikujua la kumjibu.

Tulikwenda kando ya mto, kwenye barabara iliyopita chini kabisa ya genge. Hapo mtu hushuka kwenye gari na kuugusa mwamba mara moja. Mbele kidogo, juu ukutani, kuna michoro ya watu wa kale. Walichonga wanyama wenye pembe na watu walioshikana mikono. Baadhi ya michoro ina umri wa zaidi ya miaka 700. Watu huitazama bila kuigusa, maana mafuta ya mikono yetu huiharibu.

Mama alichimba tena mchanga. Alichimba mpaka kifundo cha mkono wake kikazama. Mchanga ulikuwa mkavu wote. Upande huu hupata jua, na siku mbili na zaidi zilikuwa zimepita tangu mvua. Akasema, "Sasa mwamba uko tayari. Je, sisi tuko tayari?"

Ukuta ulikuwa na urefu wa mita 20 hivi, kama mnazi mrefu. Mpandaji wa kwanza ndiye mwenye kazi kubwa. Hupanda na kamba ikimfuata nyuma. Mwambani kuna vyuma vilivyokazwa. Kila anapofika penye chuma, huiingiza kamba kwenye pete. Chini yuko mwenzake mwenye kifaa kinachobana kamba. Mpandaji akiteleza, kamba humshika, mradi tu imefungwa vizuri kwenye mshipi wake.

Mpwa wangu alisema yeye atatangulia. Alivaa mshipi. Alianza kufunga fundo. Akafunga ile namba 8, akapitisha ncha kwenye mshipi. Wakati huo huo msuli wa mguu ukamkaza. Akauachia ule ugwe, akainama, akausugua mguu. Tukacheka. Akaanza kunisimulia jinsi alivyompita mtu mmoja kwenye kilomita ya mwisho ya mbio. Akajipaka unga wa chaki mikononi. Akaugeukia mwamba, akashika jiwe la kwanza.

Nililitazama fundo lake. Halikufanana na lile nililofundishwa. Niliona kamba moja mahali ambapo zilipaswa kuwa mbili. Ncha ya kamba ilining'inia, ndefu.

Ndugu msomaji, nitakueleza ukweli. Sikusema mara moja. Nilijiambia, "Huyu amepanda miaka sita. Wewe umejifunza juzi. Labda kuna fundo jingine usilolijua." Nilikuwa naona aibu ya mwanafunzi. Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unaijua aibu hiyo. Unaona kosa kwenye karatasi, lakini unafikiri, "Aliyeandika ni msomi. Mimi ni nani?"

Mguu wake wa kwanza ulikuwa umeacha ardhi. Ndipo nikasema, "Mpwa wangu, hebu shuka. Nionyeshe fundo lako."

Alicheka. Alishuka, akaliangalia fundo. Kicheko kikakatika. Hakusema neno. Mama alikuja, akaishika ile kamba, akaivuta kidogo kwa vidole viwili. Fundo likatoka lote kwenye mshipi. Kamba ikaanguka juu ya viatu vyake.

Kijana akaketi chini. Alikaa hapo muda mrefu akiutazama mto. Kama angepanda mpaka juu, angefika salama, maana mikono yake ina nguvu. Lakini kule juu mpandaji hujiegemeza kwenye kamba ili ashushwe. Angejiegemeza kwenye kitu ambacho hakipo.

Hatimaye akasema, "Mama, leo sitatangulia."

Mama hakumgombeza. Yeye hakuwa amekimbia jana, na usiku alikuwa amelala vizuri. Alifunga fundo lake, akaniita nilikague. Nikalikagua polepole, kamba mbili, kamba mbili, kila mahali. Yeye akakikagua kifaa cha mpwa wangu aliyeshika kamba. Akanituma mimi nikikague pia. Kisha akapanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, akaipitisha kamba kwenye pete za juu, akashuka.

Baadaye nilipanda mimi, kamba ikiwa inanishikilia kutoka juu. Mwamba ulikuwa mkwaruzo kama msasa na wenye joto la jua. Nilifika kama nusu ya ukuta. Hapo miguu ilianza kutetemeka. Jana ningejiambia, "Mpaka kwenye ule mti." Leo nilisema, "Nishusheni." Sikuona aibu.

TULILOJIFUNZA

Jioni tulipokuwa tunarudi, mpwa wangu alinyamaza njia nzima. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mjomba, nilidhani uchovu ni wa aina moja."

Alisema kweli. Kuna uchovu unaoweza kubishana nao. Huo ni uchovu wa mbio, wa kulima tuta la mwisho, wa kutembea maili ya mwisho kwenda sokoni. Na kuna uchovu ambao lazima uutii. Huo ni uchovu wa mtu aliye mahali ambapo kosa moja linaua. Mguu ukichoka, unajua. Lakini akili ikichoka, haikuambii. Inasahau tu. Ndiyo maana anayesahau hawezi kujikagua mwenyewe. Anahitaji macho ya mwenzake.

Nilipokuwa napanda ndege kurudi nyumbani niliwafikiria ndugu zetu wanaochimba visima na mchanga wa kujengea. Kuta za shimo zikilowa, huporomoka, kama vile mwamba wa Moab unavyolegea. Niliwafikiria wagema wanaopanda minazi jioni baada ya kazi ya kutwa. Hao hawafanyi mchezo. Wanatafuta riziki. Wanastahili uangalifu uleule, na zaidi.

Kwa hiyo chukua mambo haya matatu kutoka jangwani. Kwanza, mvua ikinyesha, usiuamini ukuta kwa kuutazama nje. Chimba kidogo, uone ndani. Ukiwa umelowa, subiri. Pili, ukiwa umechoka au hukulala, siku hiyo usitangulie kwenye kazi ya hatari. Mwachie aliyepumzika. Tatu, kabla ya kushuka shimoni au kupanda juu, mwambie mwenzako aikague kamba yako, hata kama wewe ndiye fundi. Na wewe mwanafunzi ukiona kosa, sema. Usingoje mguu uache ardhi.

Mpwa wangu aliniandikia barua baada ya miezi kadhaa. Aliupanda ule mnara wa Castleton mwezi wa Oktoba, siku kavu, baada ya kulala vizuri. Alisema kileleni ni padogo, lakini unaona mbali sana. Mwisho wa barua aliandika: "Kabla sijapanda, mwenzangu alilikagua fundo. Nilimwomba mimi mwenyewe."

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma habari hii, msomee mwenzako anayekwenda kisimani kesho.